Kiraka cha King'ora cha Simpani

Patan, 4 Aprili

Bi. Malathi Shenoy,

Salaam kutoka Patan, jirani na Kathmandu. Naitwa Bhuvan Tamrakar. Nina karakana ndogo nyuma ya duka la baba yangu la vyombo vya shaba, na humo tunaunda ving'ora vya mafuriko kwa vijiji vya bonde la mto Khani. Nakuandikia kwa sababu kila nikifungua ile programu ya pini iliyomo ndani ya kiini cha mfumo, naliona jina lako juu kabisa, na mbele yake neno "mtunzaji".

Unajua kuliko mimi kwamba kila pini ya chipu ya T-40 inaweza kupewa kazi yoyote, na programu unayoitunza ndiyo inayogawa kazi mfumo unapowaka. Lakini kabla ya kugawa, inafagia: inazirudisha pini zote kwenye hali ya mapumziko. Kwenye T-40, pini iliyofagiwa hupandisha umeme kidogo hadi ipewe kazi yake. Ikiwa pini ile inawasha taa, hakuna anayeona. Yangu inapiga king'ora kinachosikika ng'ambo ya mto.

Huku milimani kukiwa na mawingu betri za sola hulegea na mfumo huzima. Jua likitoka unawaka upya, na king'ora kinapiga yowe bila sababu. Februari watu wa kijiji cha Kolbote walikimbia kupanda mlima na watoto mgongoni. Mama mmoja, Phulmaya Tamang, alianguka kwenye ngazi za mawe akavunjika nyonga. Sasa wamekiviringishia blanketi king'ora chao. Mwenyekiti wa kata ameniambia kikilia tena bila maji kitatupwa mtoni, na mimi nitakifuata. Nikaapa mbele ya kijiji kizima kwamba hakitalia tena bila maji.

Tuna minara minane. Saba ina ugonjwa huu. Ule wa Simpani, ulio juu kabisa, haujawahi kulia ovyo, ni bahati tu. Na huo ndio wenye boya la kupima mto, ndio unaoiamuru mingine kwa redio.

Nimeambatanisha kiraka, marekebisho ya programu yenye mistari kumi na miwili: pini iliyokwisha pangiwa kazi isifagiwe. Mvua zinaanza Juni. Naomba ukipokee.

Wako mtiifu,
Bhuvan Tamrakar


Udupi, 9 Aprili

Bwana Tamrakar,

Viraka haviletwi kwangu chumbani. Tuma kwenye orodha ya barua pepe ya wote, ili mwenye la kukosoa akosoe mbele za watu. Mstari wa tisa ni mrefu mno. Maelezo yako yamesimulia kijiji vizuri, lakini nimesoma nusu ukurasa kabla ya kujua unabadilisha nini. Kijiji kiweke chini, mabadiliko yaweke juu.

Hayo ni madogo. Kubwa ni hili: programu hii inazihudumia chipu mbili, T-40 na mkubwa wake T-20. Kiraka chako kimezigusa zote mbili. Nani amepima kwenye T-20?

Chini ya kila kiraka ninachopokea kuna jina la aliyeandika na jina la aliyepima, mtu mwenye masikio na macho, kifaa kikiwa mbele yake. Bila jina la pili, jibu langu ni hapana.

Nampa pole mama aliyevunjika.

M. Shenoy


Patan, 11 Aprili

Malathi-ji,

Kiraka toleo la pili nimekituma kwenye orodha. Mstari wa tisa nimeukata. Kijiji nimekishusha chini kabisa, mtu akitaka asikisome.

Kuhusu T-20: kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Hakuna anayeitumia. Sijui nitaipata wapi, na sioni kwa nini watu walio hai wangoje chipu iliyokufa.

Bhuvan Tamrakar


Udupi, 20 Aprili

Bwana Tamrakar,

"Hakuna anayeitumia." Laiti ningekuwa nanyamazishwa na sentensi hiyo, ningelala mapema kila siku. Nikiiamini tu, mwezi haupiti kabla hajaniandikia mtu wa kiwanda cha sukari kuuliza kwa nini mitambo yake imegoma.

Nakumbuka T-20 ilikuwa na ubishi wake na ule ufagiaji. Ubishi gani, sikumbuki, na kitabu cha kiwanda hakisemi. Ndiyo maana nauliza.

Tena, mnara wa Simpani. Kwa nini wenyewe haulii ovyo? Umesema ni bahati. Bahati si maelezo.

M. Shenoy


Patan, 4 Mei

Malathi-ji,

Nakukumbusha kwa upole kuhusu kiraka toleo la pili, kama desturi ya orodha inavyotaka.

Bhuvan Tamrakar


Patan, 15 Mei

Malathi-ji,

Nakukumbusha tena, kwa upole uliopungua.

B. T.


Patan, 21 Mei

Malathi-ji,

Sasa nitasema, kwa sababu ukiendelea kunyamaza nitapasuka.

Juzi kulikuwa na mawingu, kisha jua likatoka. Kolbote blanketi lilizuia sauti, lakini vijiji viwili vya chini yake havikuwa vimefunga lolote. Watu walikimbia, wakarudi, wakaja na panga, wakakata waya. Nimebaki na minara sita. Ukiwauliza wanasema bora wakutane na mto kuliko na Bhuvan.

Najua utaniambia haraka haraka haina baraka. Nami nakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu yameshaumia. Nimekuletea kiraka cha mistari kumi na miwili. Wewe uko Udupi, una samaki wako na upepo wa bahari, unanihesabia urefu wa mistari. Miaka yote hii unaitunza programu, ukaniagiza mimi nikutafutie T-20? Kabati lako lina nini?

Nijibu ndiyo au hapana. Usiniulize swali jingine.

Bhuvan


Udupi, 23 Mei

Bhuvan,

Hapana.

Umeuliza kabati langu lina nini. Lina madaftari ya mwanangu na feni mbovu. Kiwanda kilichounda chipu hizi kilivunja idara yetu, wakatupatia keki na barua. Wenzangu wakaenda kwingine, mimi nikabaki na programu kwa sababu hakuna aliyeitaka. Silipwi. Asubuhi nafundisha chuoni, jioni nasoma viraka vya watu wanaonitukana kwa adabu. Wewe angalau umenitukana waziwazi.

Nikikukubalia kwa huruma, kiraka chako kitaingia kwenye kila mashine duniani yenye chipu hizi, si Kolbote tu. Nitafutie T-20, nitumie, nitapima mwenyewe siku ileile. Na hujanijibu kuhusu Simpani.

M. Shenoy


Patan, 30 Mei

Malathi-ji,

Sihitaji tena jibu lako. Nimepanda Simpani mwenyewe na kuweka kiraka changu. Ndivyo tulivyoiunda minara: programu inawekwa Simpani, na mingine yote inainakili kwa redio. Kwa hiyo kufikia mchana minara yote ilikuwa nacho, pamoja na miwili ambayo waya zake nilizirudishia.

Tukaizima na kuiwasha, tukaizima na kuiwasha, mbele ya mwenyekiti wa kata. Kimya. Hata kuku hakushtuka. Kolbote wamefungua blanketi. Phulmaya Tamang, anayetembea kwa magongo mawili na ambaye tangu Februari alikuwa akiniona anatema mate, leo amenipa mayai manne ya kurudi nayo nyumbani. Nimewaambia walale vizuri, king'ora kitawaamsha.

Nakutakia heri na kanuni zako.

Bhuvan Tamrakar


Udupi, 30 Mei, jioni ileile

Bhuvan,

Mmepima ukimya. Nani amepima mlio?

Umeinua boya la Simpani ukasikia king'ora? Nina hakika hukuinua, kwa sababu uliapa hakitalia bila maji. Umelinda kiapo chako na hujui kama king'ora bado kina sauti.

Rudi Simpani. Fungua kasha, futa vumbi, soma maandishi yaliyo juu ya chipu. Kisha inua boya, uikate waya ya king'ora kwanza kama unaogopa watu, na upime umeme kwenye pini. Mnara pekee usiolia ovyo ni mnara usiofanana na mingine. Nimekuuliza mara mbili.

Na nikuambie jambo ambalo ningekuambia Aprili. T-20 yangu iliungua kwa radi mvua zilizopita. Niliona haya kusema mbele ya orodha nzima kwamba mtunzaji hana kifaa cha kitu anachokitunza, nikajificha nyuma ya kanuni. Kanuni ni ya kweli, lakini ningekuambia waziwazi ungenielewa. Mficha uchi hazai. Namba yangu ya simu iko chini. Piga saa yoyote.

Malathi


Simpani, 3 Juni

Didi,

Ni T-20.

Mnara huu ulikuwa wa kwanza, wa majaribio. Wakati ule tulinunua bodi moja kwa dalali wa Kathmandu kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe na nikasahau, maana haikuwahi kunisumbua. Kitu kisichosumbua hukifungui.

Niliinua boya. Pini haikutikisika. Kama ulivyonieleza kwenye simu, ulipoukumbuka ule ubishi: kwenye T-20 kule kufagia ndiko kunakofungua kufuli la pini. Isipofagiwa, hata ukiipa kazi haiipokei. Kwa hiyo tangu niweke kiraka changu Simpani haiwezi kuiamuru mingine, bonde zima halina king'ora, na watu wanalala fofofo kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia walale.

Nikirudisha programu ya zamani, minara saba italia ovyo kesho jua likitoka, na safari hii hawatakata waya, watakata mnara. Bodi mpya ya T-40 imekwama forodhani. Nimebaki hapa juu, nimeketi kando ya mto na filimbi ya polisi na simu, mimi ndiye boya. Mama wa nyumba ya jirani ananiletea chapati za mtama na ananiuliza kama nimefiwa.

Kuna msemo wa asiyesikia la mkuu. Naomba usiutaje, dada.

Bhuvan


Udupi, 5 Juni

Bhai,

Siutaji, ndugu yangu.

Toleo la tatu limeambatanishwa. Nimelichukua lako, nikaligawa: ikiwa chipu ni T-40, pini yenye kazi isifagiwe, ikiwa ni T-20, ifagiwe kwanza kama zamani. Mistari kumi na minne. Nimelisoma mpaka macho yamewasha, na bado silijui mpaka lipimwe.

Safari hii lipime kwa mlio. King'ora kilie Simpani, na kisikike chini. Nataka jina la mtu aliyesikia, na asiwe wewe. Mwandishi husikia anachotaka.

Na kula. Chapati peke yake hazitoshi.

Malathi


Simpani, 8 Juni

Didi,

Niliweka toleo la tatu, nikashuka Kolbote kuomba ruhusa ya kulipima. Nilijua nitakalokuta.

Mwenyekiti wa kata alisema, "Uliapa au hukuapa?"

Nikasema, "Niliapa."

"Kwamba hakitalia bila nini?"

"Bila maji."

"Sasa unaona maji yoyote? Mto uko kule chini, unanong'ona. Kijana, usitufanye watoto."

Nikawaambia ukweli wote, pamoja na zile siku ambazo king'ora hakikuwa na sauti. Mmoja aliniuliza angefanya nini kama mto ungeshuka usiku ule wa kwanza. Wengine wakaanza kuondoka. Nikajua kwamba imekwisha.

Phulmaya alikuwa amekaa mlangoni kwake, magongo yamelala magotini. Akasema, "Kiapo kinasemaje? Kisilie bila maji. Basi kapelekeni maji."

Hakuna aliyeelewa. Akatugombeza kama anagombeza mbuzi. "Lile boya linakaa ndani ya bomba, si ndiyo? Bomba lina mdomo. Wanawake wa Simpani wana mitungi. Jazeni bomba, boya lipande, king'ora kilie kwa maji kama alivyoapa. Mmekuwa wanaume wa kazi gani, mnabishana na kijana wa shaba kutwa nzima."

Mwenyekiti alicheka, kisha akatafuta mahali pa kuficha kicheko na hakupaona. Akakubali, kwa sharti kwamba kila kijiji kiambiwe kwanza.

Kwa hiyo leo asubuhi wanawake wa Simpani walipanga foleni na mitungi yao ya shaba. Miwili ilikuwa na alama ya nyundo ya baba yangu kwenye shingo, nimeitambua. Wakamimina. Maji yalifika nusu ya bomba, boya likaanza kupanda, na mimi nilikuwa nimeshika mlingoti nikiona aibu ya kuomba Mungu mbele za watu. Kikalia. Kikalia mpaka mbwa wakaingia ndani. Kisha nikasikia cha pili chini yetu, na cha tatu, na kuendelea mpaka sauti zikawa mbali mno kuzihesabu. Tukayamwaga maji, kikanyamaza. Tukazima, tukawasha: kimya, vyote vinane.

Nilishuka mbio Kolbote. Phulmaya alikuwa palepale. Nikamwambia kuna mwanamke India anataka jina la mtu aliyesikia.

"Analitaka la nini?"

"Litaandikwa chini ya kiraka. Litabaki humo daima, kwenye kila mashine."

Akafikiri. "Mwandikie Phulmaya Tamang wa Kolbote amesikia kwa masikio yake mawili. Kikidanganya tena, waje waniulize mimi."

Hilo ndilo jina, Didi. Hana anwani ya barua pepe. Hata simu anatumia pamoja na binti yake.

Bhuvan


Udupi, 9 Juni

Bhai,

Kanuni inataka kila jina liwe na anwani, ili mtu akiwa na swali ajue pa kuuliza. Nimekaa na kanuni hiyo asubuhi nzima, nikaipita pembeni kwa mara ya kwanza. Nimeandika: Imepimwa na Phulmaya Tamang, Kolbote. Anwani nimeweka yangu. Wakiuliza, waniulize mimi, nami nitakuuliza wewe, nawe utashuka ngazi umuulize.

Kiraka nimekipokea. Kitaingia kwenye toleo lijalo la kiini.

Mstari wa tisa ulikuwa mrefu tena, safari hii kwa kosa langu. Nimeufupisha mwenyewe.

Malathi


Patan, 17 Machi, mwaka uliofuata

Bwana Tejas Gokhale, Pune,

Nimepata barua yako pamoja na kiraka cha kusafisha programu ya pini. Malathi-ji amenikabidhi nikujibu, kwa kuwa tangu Januari jina langu nalo limo pale juu, chini ya lake.

Mstari wa sita ni mrefu mno.

Umependekeza tuondoe ile mistari kumi na minne inayoitenga T-20, kwa sababu hakuna anayeitumia. Umeongeza kwamba Phulmaya Tamang haonekani popote mtandaoni, kwa hiyo huenda ni jina la kubuni.

Mwaka jana mwezi wa Julai, mchana, ukingo wa ziwa lililo juu ya Simpani ulikatika. Mto Khani ulishuka na mawe yenye ukubwa wa nyumba. Boya likapanda, pini ya T-20 ikafanya kazi yake, Simpani ikalia, na minara saba ikaitika. Daraja lilikwenda. Kinu kilikwenda, na nusu ya nyumba za Kolbote, na mlango ule aliokuwa akikaa Phulmaya. Watu wote walikuwa wameshapanda. Phulmaya alipanda ndani ya kikapu, mgongoni kwa mwenyekiti wa kata, akimkemea njia nzima kwamba anatembea kama mgonjwa. Bodi yetu mpya ilitoka forodhani Septemba. Hatukuifunga. Simpani bado inatumia T-20 ileile, na hakuna bondeni atakayekuruhusu kuigusa.

Yuko hai, anajenga upya mlango. Nimemsomea barua yako. Ameuliza wewe ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo naomba unijibu: nani amepima kwenye T-20? Kama huna bodi si aibu, sema tu mapema. Ile ya forodhani ni T-40, haitakufaa, lakini nimekwisha tafuta kwa madalali wote wa Kathmandu na nimepata T-20 mbili. Moja nimempelekea Malathi-ji. Nyingine nitakutumia wewe, ukinipa anwani.

Mpaka upime, jibu ni hapana.

Bhuvan Tamrakar